Ishirini na Watatu Waliobaki Nyumbani

Lodwar,
Jumanne, 11 Februari 2025

Mjomba Esekon,

Ejok? Sisi huku tupo. Jua limekuwa kali hadi kuku wa jirani wamehamia chini ya kitanda cha Mama, na Mama amewaachia kwa sababu anasema wanamfanyia mazungumzo nikiwa kazini. Goti lake bado linamsumbua. Anasema ni wewe ulimsukuma kutoka kwenye mkoma mlipokuwa watoto, na hujawahi kumpa pole hadi leo. Mtoto wangu ameota meno mawili na ameanza kuniuma. Anakusalimu kwa njia hiyo.

Utashangaa kwa nini sikupigi simu. Ofisini tumekaa wanne kwenye meza mbili, na mtu akiongea kila mmoja anasikia hata alichokula. Halafu ni wewe uliyenifundisha kwamba neno zito linaandikwa. Basi nimeandika, na barua nimempa dereva wa Probox yule wa kwenu, asiyejua kusoma wala kuuliza.

Neno lenyewe ni hili. Jumanne tarehe nne Machi timu yetu ya ukaguzi itafika shuleni kwako. Watoto wote wa Gredi ya Nne watasomeshwa ukurasa mmoja, mtoto mmoja mmoja. Walimu wakuu hawaambiwi siku. Nitakuwa kwenye gari hilo, mmoja kati ya watatu, na niliweka sahihi kwamba sitamwambia mtu.

Mama ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Huyo ndiye alishika mkono yako ukaandika jina ya kwanza. Leo unaenda kumwaibisha?" Nikachukua kalamu.

Zaidi ya siku hiyo usiniulize kitu, Mjomba. Tafadhali ichome barua hii.

Mpwa wako,
Nangiro


Kakuma,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mwanangu Nangiro,

Nimesoma, nimechoma, na majivu nimeyapa upepo, maana najua wewe ni mtu wa kuuliza. Mwambie dada yangu Namuria kwamba hakusukumwa. Aliteleza kwa uroho wa tunda la juu. Pole nitampa siku atakapokubali ukweli.

Sisi wazima. Mbuzi wangu wawili wamezaa, mmoja mapacha. Mto Tarach umekauka kabisa, na akina mama wanachimba visima mchangani hadi mtu anazama kiunoni. Shule imejaa. Wanakuja wa hapa, wanakuja na wa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei ambao wazazi wao wameona kwetu ni karibu kuliko kule walikoandikishwa. Gredi ya Nne pekee ina watoto sitini na mmoja na vitabu kumi na vinne. Anayewafundisha ni Mwalimu Nyadak, binti wa kutoka Sudan Kusini, mpole lakini akikataa jambo amekataa. Hasomeshi, anapigana vita.

Hilo neno lako nimelielewa. Nakumbuka mwaka ule wakubwa wenu walipotuita ukumbini hapo Lodwar wakasoma majina ya shule kumi za mwisho kwa kipaza sauti. Mwenzangu mmoja, tuliyesoma naye chuo, jina la shule yake lilisomwa la pili. Alikaa pale akitazama viatu vyake mpaka chakula kikaisha. Muhula uliofuata alihamishwa kama gunia. Mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu, mwanangu. Sitaki kutazama viatu.

Usiwe na wasiwasi. Nitajua la kufanya.

Mjomba wako,
Esekon


Lodwar,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mjomba,

Salamu nyingi. Mama ameanza kutembea hadi kanisani bila fimbo, ingawa akimwona padri anachechemea ili aombewe zaidi. Mtoto mzima.

Nilikuwa na haya kukupa mkono siku ile kama mtu nisiyemjua. "Hujambo Mwalimu Mkuu, mimi ni Nangiro kutoka ofisi ya elimu." Na wewe ukajibu, "Karibu sana Madam." Wenzangu hawakuona kitu. Ulikuwa umevaa shati jeupe, na uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana.

Sasa naomba nikuulize, kwa sababu moyo wangu haujatulia. Rejista ilisema sitini na mmoja. Nilihesabu thelathini na wanane. Nilipouliza, ulisema wengine wamehama na mifugo kutafuta malisho. Hilo hutokea, na mwenzangu akaandika hivyo hivyo. Lakini nilipita katikati ya madawati yale matupu. Mimi nimekulia huko. Vumbi la Kakuma likikuta dawati limeachwa siku mbili, unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Yale yalikuwa safi. Na Mwalimu Nyadak hakuniangalia usoni hata mara moja.

Kati ya hao thelathini na wanane, thelathini na mmoja walisoma vizuri. Shule yako ndiyo ya kwanza katika wadi nzima. Fomu ilipofika kwangu niliweka sahihi.

Wako wapi wale wengine, Mjomba?

Nangiro


Kakuma,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mwanangu,

Shule zimefungwa na kichwa changu kimefunguka. Mvua imenyesha mara moja, kidogo tu, ya kudanganya. Mbuzi pacha mmoja amekufa. Mwingine anaendelea. Nimesikia habari za goti na nimefurahi.

Wa kwanza katika wadi! Walimu walipoambiwa walipiga makofi ofisini, isipokuwa Nyadak, ambaye alisema ana daftari za kusahihisha. Mwenyekiti wa wazazi alinichinjia mbuzi. Nilikula, lakini nyama ile ilikuwa na mifupa mingi.

Unauliza kuhusu watoto. Watoto wapo. Siku ya pili walirudi, ishirini na wawili. Amebaki mmoja, msichana anaitwa Apua, mkubwa kidogo, wa miaka kumi na mitatu. Alianza shule akiwa amechelewa kwa sababu ya kuchunga. Atarudi tu. Muhula wa pili ukianza atarudi.

Mengine ya kazi tusiyaandike sana.

Mjomba wako,
Esekon


Lodwar,
Jumanne, 20 Mei 2025

Mjomba,

Sijui nianze na salamu gani. Mama hajambo, mtoto hajambo. Mimi ndiye nina jambo.

Orodha imetoka. Nilikuwa nimekuambia siku, sikukuambia sababu, kwa kuwa niliona siku inatosha kukuokoa na sababu ilikuwa siri kubwa zaidi. Sasa si siri tena. Bi. Aregae, mkurugenzi wetu, hakutaka majina ya kusoma ukumbini. Mambo ya kipaza sauti aliyaua mwaka aliofika. Alitaka kujua ni wapi watoto hawasomi ili apeleke msaada huko. Shule kumi na mbili dhaifu kabisa zinapata kila moja mwalimu wa kusoma wa mwaka mzima, vitabu vya kila mtoto, na mtu wa ofisini kuja kila wiki mbili kukaa darasani na walimu. Anasema shule inabanwa na inasaidiwa kwa mkono mmoja. Ukiibana tu, itakuficha, na ukiisaidia tu, italala.

Shule ya kumi na mbili kwenye orodha ina vitabu thelathini kwa watoto arobaini. Wewe una kumi na vinne kwa sitini na mmoja. Ungekuwa ndani, Mjomba, tena ungekuwa juu kabisa.

Nimekaa na orodha hiyo kwenye droo yangu siku tisa. Ningekaa kimya kama nilivyoapa, wangepima watoto wote na ungepata mwalimu. Ningekuambia yote, ungewaleta wote wewe mwenyewe kwa kamba. Nimekuambia nusu, na nusu yangu imewanyang'anya watoto wako.

Bado sijui kwa hakika ulichofanya. Lakini najua. Niambie kwa mkono wako.

Nangiro


Kakuma,
Jumapili, 29 Juni 2025

Mwanangu Nangiro,

Nimechelewa kujibu wiki tano na siwezi kumsingizia dereva. Barua yako imekaa mfuko wa shati hadi imelowa jasho na maneno mengine yamefutika, lakini yale nisiyotaka kuyaona yamebaki.

Nitakuambia. Jumatatu ile ya kabla ya ukaguzi, kengele ya mwisho ilipokaribia, nilimwita Nyadak nikamwambia anipe majina ya wasiosoma. Akanipa, akidhani nimepata vitabu. Nilipomweleza, akasema, "Mimi haiambii mtoto asikuje shule. Ambia wewe." Nikaingia darasani mwenyewe. Nikasoma majina ishirini na matatu, wakasimama. Nikawaambia kesho wasije, wakachunge, kesho ni siku ya wanaojua.

Hayo ndiyo maneno yangu, sijayapunguza. Niliyasema nikicheka, ili wasiogope.

Wewe unajua mambo ya nyumbani. Mnunuzi akija bomani, mbuzi mwenye kikohozi unampeleka nyuma ya miiba asionekane, usije ukaharibu bei ya kundi zima. Baba yangu alifanya hivyo, nami nimefanya hivyo tangu nina meno. Hata sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Kumbe aliyekuja hakuwa mnunuzi, alikuwa na dawa ya kikohozi.

Niliwaficha watoto, halafu wewe umekaa unajilaumu kwa ajili ya siku moja uliyoniambia. Usijilaumu peke yako.

Apua hakurudi muhula wa pili. Wiki jana nilipanda pikipiki hadi mwisho wa njia, nikatembea saa tatu hadi boma la baba yake, Lokaale. Alinipa maziwa, akanisikiliza, akasema, "Mwalimu, si wewe ilisema shule ni ya wale anajua? Mtoto yangu hajui. Iko hapa, mbuzi inamjua." Apua alikuwa pale akichuja maziwa. Hakuinua uso. Nilirudi na maneno yote niliyokwenda nayo.

Jambo la mwisho. Nimepata mwaliko kutoka kwenu. Ijumaa tarehe kumi na nane Julai nisimame mbele ya walimu wakuu wa kaunti ndogo zote niwafundishe jinsi ya kuwafanya watoto wasome. Umeona dunia?

Esekon


Lodwar,
Jumanne, 8 Julai 2025

Mjomba,

Asante kwa kuniambia. Nililia chooni ofisini, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye meza.

Mwaliko niliuona kabla yako, maana mimi ndiye niliyeuchapa. Bi. Aregae alisema, "Huyo mzee na vitabu kumi na vinne amefanya maajabu, tumlete atufunze." Ningeweza kusema pale pale. Nilimuuliza kama mwaliko uandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili.

Mara tatu nimemwandikia barua ya kumweleza. Ya kwanza nilisema rejista ilikuwa na kasoro, nikaichana kwa kuwa ni uongo. Ya pili nilisema yote, nikaichana kwa kuwa ni kweli. Ya tatu ipo kwenye begi. Kila ninapofika mlangoni kwake namwona Mama na goti lake na mtoto na meno yake, na kodi ya nyumba, na wewe ukitazama viatu. Nakutaja wewe mwisho kwa sababu naona haya. Ukweli ni kwamba najiogopea mimi mwenyewe kwanza.

Kwa hiyo nakuomba jambo baya. Njoo, sema maneno mafupi, kwamba walimu wako wana bidii, kwamba wazazi wanajitahidi, ukae. Tukipima tena mwaka ujao, uwalete wote, mtaingia kwenye orodha. Ni mwaka mmoja tu.

Nimeusoma mstari huo mara mbili na sijaufuta. Ndivyo nilivyo sasa.

Nangiro


Lodwar,
Jumapili, 20 Julai 2025

Mjomba,

Mama anauliza kwa nini ulifika Lodwar ukaondoka bila kupita nyumbani kula. Nimemwambia gari lilikuwa na haraka. Hajaniamini, ameacha ugali wako umefunikwa hadi jana.

Naandika kwa sababu hukubaki kuona yaliyofuata, na kwa sababu sikukufuata nje.

Ulipopanda jukwaani nilikuwa nimeshika kalamu, kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Nilikuwa nimeshaandika kichwa: "Mafanikio ya usomaji, Mwalimu Esekon." Ukasema hujui kufundisha mtoto yeyote kusoma bila kitabu, na kwamba aliyepo ukumbini anayejua akufunze wewe. Watu wakacheka. Halafu ukawaambia. Ishirini na watatu, kengele ya mwisho, maneno yale yale uliyoniandikia. Mwalimu mkuu mmoja mstari wa nyuma alianza kufuta macho, na nilijua, na nadhani wewe ulijua, kwamba si wewe peke yako uliyefanya hivyo katika kaunti hii.

Bi. Aregae aliuliza swali moja tu. "Mwalimu, siku ya ukaguzi ni siri. Nani alikuambia?"

Ulikuwa hatua sita kutoka kwangu. Hukunitazama. Ulisema hakuna aliyekuambia, ulisikia ukaguzi umeanza shule za jirani ukahesabu siku mwenyewe. Akasema, "Kumbukumbu iandikwe hivyo." Na mimi nikaandika. Kwa mwandiko ulionifundisha, Mjomba, wima, bila kukata mstari.

Ulipotoka alisema shule yako iongezwe kwenye orodha iwe ya kumi na tatu, gharama atatafuta. Na kwamba wewe utavuliwa ukuu kuanzia muhula wa tatu, lakini utabaki hapo hapo kufundisha. Alisema adhabu anaitoa kwa huzuni kwa sababu wewe ni mwalimu mkuu wa kwanza kumwambia ukweli bila kukamatwa.

Watu walikusifu, na mimi nilikaa pale nikiitikia kwa kichwa pamoja nao. Sijawahi kujichukia hivyo.

Nangiro


Kakuma,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mwanangu,

Mpe Namuria pole. Ya ugali, na ya mkoma pia. Mwambie nilimsukuma.

Usinihurumie. Funguo za ofisi nimezikabidhi Ijumaa shule zilipofungwa, na mfuko wangu umekuwa mwepesi. Mwalimu mkuu mpya ni mwanamke kutoka Kalemng'orok, kijana, anatembea haraka. Nimemwomba anipe Gredi ya Nne nisaidiane na Nyadak. Nyadak aliposikia alisema, "Sawa. Lakini chaki ni mimi nashika." Nimekubali.

Sasa sikiliza. Najua unachotaka kufanya, nakujua tangu hujui kufunga kamba za viatu. Usifanye. Msaada umepatikana, mimi nimeshavuliwa, na mtu mmoja anatosha kuvuliwa. Wewe una mtoto na una mama ambaye ni dada yangu. Ulichofanya ulikifanya kwa sababu yangu. Nimekipokea, kimekuwa changu. Kaa kimya.

Ninakuagiza kama mjomba wako, na unajua kwetu mjomba hakataliwi neno lake.

Esekon


Lodwar,
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mjomba,

Nimekukatalia neno lako. Nisamehe.

Nilijaribu kutii. Wiki tatu nilijaribu, na zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, hilo ndilo lililonitisha. Nilianza kuzoea. Kisha Bi. Aregae aliniteua niongoze ukaguzi wa mwaka ujao, akasema mimi ndiye mtu pekee ofisini ambaye mdomo wake una kufuli. Nilicheka, akashangaa. Nikafunga mlango, nikamwambia.

Aliniuliza, "Na alikataa kukutaja mbele ya watu mia mbili?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na wewe uliandika." Nikasema ndiyo. Hilo la pili ndilo lililomuuma. Nimeondolewa kwenye ukaguzi na kuwekwa stoo ya vitabu, na kuna barua ya onyo kwenye faili langu. Kazi bado ninayo, kwa sasa. Tume ya utumishi itaamua Januari kama nitabaki.

Mama alipojua hakusema na mimi siku mbili. Siku ya tatu alisema kosa ni lake, akaanza kulia, na nikajua nimewaumiza watu wote ninaowapenda kwa kitu nilichokifanya kwa kuwapenda.

Vitabu vyenu nimevipakia mwenyewe. Sitini na kimoja. Sitini na viwili, nimeongeza kimoja endapo kingine kitaliwa na mbuzi. Mwalimu wa kusoma anakuja navyo Alhamisi, anaitwa Nyibol. Niambie kama vimefika salama. Niambie na habari za Apua, hata kama ni mbaya.

Nangiro


Kakuma,
Jumapili, 28 Septemba 2025

Mwanangu Nangiro,

Umenikaidi. Niliisoma barua yako nikakasirika hadi nikaondoka darasani, kisha nikakaa nje nikaona sina haki ya kukasirika. Ulifanya nililopaswa kukuachia ufanye tangu mwanzo. Mwambie dada yangu asilie. Nitakuja Desemba, nitapita nyumbani na nitakula mpaka aniombe niache.

Vitabu vimefika vyote. Nyibol amefika pia, ana sauti ndogo lakini watoto wanamsogelea ili wamsikie, na hiyo ni mbinu ambayo sikuijua miaka thelathini.

Apua amerudi. Nilikwenda tena bomani kwa Lokaale, safari hii sikumwambia habari za faida ya elimu. Nilimwambia mbele ya binti yake kwamba niliogopa watu wa Lodwar, na kwa kuogopa kwangu nilimficha mtoto wake kama kitu kibovu, na kwamba ubovu ulikuwa wangu. Mzee alinitazama sana. Mwishowe akasema, "Sasa umeongea kama mtu." Siku ya tatu Apua alikuja mwenyewe, na kibuyu cha maziwa. Anakaa mstari wa mbele. Ameshajua sentensi fupi. Anazisoma kwa hasira, kama anazigombeza, lakini anazisoma.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini sitaki tufichane tena, basi nikuambie na ya Alhamisi.

Tulikuwa darasani, watoto wote sitini na mmoja, Nyibol akisoma nao kwa sauti. Gari jeupe likakata kona likaingia uwanjani. Halikuwa lenu. Walikuwa watu wa maji waliopotea njia ya Kalobeyei, wakauliza wakaonyeshwa, wakageuza. Dakika mbili hazikufika. Nilikuwa nimetoka kuwaelekeza.

Niliporudi Nyibol alikuwa amesimama na kitabu mkononi, haelewi. Darasa lilikuwa limepungua. Alisema Apua ndiye aliyesimama wa kwanza, akafunga kitabu, akatoka kwa mlango wa nyuma, na wengine wakasimama mmoja mmoja wakamfuata, bila fujo, bila kuambiwa. Sikuhitaji rejista kujua ni wangapi.

Niliwakuta nyuma ya vyoo, wamechuchumaa karibu karibu ukutani. Wadogo walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Apua alikuwa mwisho wa mstari, akichungulia. Aliponiona aliniuliza polepole, kama anayenisaidia kuwaficha:

"Mwalimu, wameenda?"

Nilikaa chini pamoja nao.

Mjomba wako,
Esekon